Mfadhili Wenu Mzee Akinyamaza: Kudumisha Mawasiliano Mpaka Kwenye Wasia

Fungua taarifa ya Paybill ya kanisa lenu, ya shule mliyosomea au ya makao ya watoto mnayoyasimamia, kisha uipange kwa majina badala ya tarehe. Utaona watu wachache ambao hawatoi pesa nyingi lakini hawakosi. Sh300 kila tarehe 5. Sh1,000 kila pensheni ikiingia. Ukiuliza ni nani huyu, utaambiwa, "Aah, huyo ni Mwalimu, alistaafu kitambo."

Hao ndio tunaotaka kuwazungumzia leo. Wengi wao walianza kutoa enzi za harambee, mtu akibeba kuku, mkungu wa ndizi au mfuko wa saruji mpaka uwanjani, na jina lake likisomwa mbele ya watu. Shule nyingi za sekondari za vijijini zilianza hivyo baada ya uhuru wa 1963, kwa nguvu za wenyeji wenyewe. Mtu aliyebeba mawe ya msingi hasahau ukuta uko wapi. Akifika miaka 75 au 80 anaanza kufikiria kitakachobaki, na pengine angependa shule au kanisa lipate kipande cha shamba, au sehemu ya akiba yake, baada ya yeye kuondoka. Huo ndio mchango wa wasia. Vikundi vingi huukosa kwa sababu ndogo kabisa: mzee alibadilisha nambari na hakuna aliyejua.

Kimya cha miezi mitatu

Mfadhili kijana akiacha kutoa, mara nyingi ameamua kuacha. Mzee akiacha kutoa, usikimbilie kusema amechoka nanyi. Huenda amekosea nambari ya siri mara tatu, huduma ikafungwa, naye hana wa kumsaidia kuifungua. Huenda kabambe yake ilianguka majini, akanunuliwa laini mpya na mtoto wake wa Nairobi. Macho yamepungua nguvu, herufi za kwenye skrini hazionekani. Amelazwa. Au amefariki, na tangazo lilisomwa kwenye redio ya lugha ya mama siku ambayo hakuna mmoja wenu aliyesikiliza.

Kwa hivyo mweka hazina awe na zoea moja: kila mwisho wa mwezi, aangalie ni nani aliyekuwa akitoa mara kwa mara na sasa amepitisha miezi mitatu bila kuonekana. Orodha huwa fupi, watu watano, sita hivi. Wapigiwe simu. Usiwatumie meseji ya wingi, kwa sababu ile inayotoka kwa jina la kikundi badala ya nambari haijibiki. Mzee anaisoma, anataka kusema kitu, anabonyeza kujibu, haiendi. Anabaki na picha ya ofisi inayoongea bila kusikiliza.

Simu ipigwe na mtu mmoja yuleyule, kwa nambari ileile, saa ya asubuhi baada ya chai. Jioni ya saa moja wazee wengi wako na taarifa ya habari, na nambari ngeni usiku inawatia wasiwasi tu. Anza kwa salamu kamili. Pwani ni shikamoo kwanza. Bara utamwita Mama, Mzee, Mwalimu au Daktari, vile alivyozoea kuitwa, kisha uulize habari za nyumbani, mvua na ng'ombe. Simu hii ya kwanza isiguse pesa hata kidogo. Akikwambia mwenyewe, "Hata huo mchango wangu nilishindwa kutuma," msaidie. Asipotaja, usitaje.

Nani hasa anayelipa?

Hapa kuna jambo ambalo sisi kama kampuni ya malipo tunaliona kuliko nyinyi. Wazee wengi hawatumi pesa kwa mkono wao. Mama anampa mjukuu Sh500 taslimu, mjukuu anatuma kutoka kwenye simu yake. Kwenye taarifa yenu linaonekana jina la mjukuu. Mwezi unaofuata ametuma jirani. Baada ya miaka minane mna majina manne tofauti, na Mama mwenyewe hayupo popote kwenye rekodi. Siku akitaka kujua ametoa jumla ya shilingi ngapi, hamna jibu. Siku akifariki, hamtajua mmempoteza nani.

Dawa yake ni rahisi. Mpe kila mfadhili wa muda mrefu nambari yake ya mwanachama, fupi, ya tarakimu tatu au nne, na umwambie iandikwe mahali pa nambari ya akaunti kila anapolipa, awe anatuma yeye au anatumiwa. Mwandikie kwa wino mzito kwenye kadi ngumu: nambari ya Paybill, nambari yake ya akaunti, na nambari ya simu ya mtu wenu mmoja. Kadi inakaa kwenye Biblia, kwenye msahafu, au nyuma ya picha ya harusi ukutani. Inadumu kuliko simu.

Pia msitegemee taarifa ya malipo iwape nambari za simu za watu. Siku hizi sehemu ya nambari ya mlipaji hufichwa, na sababu ni nzuri. Nambari iombwe kwa mwenyewe, ana kwa ana, na aambiwe itatumika kwa kazi gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kujua mnahifadhi nini kumhusu, kukisahihisha, na kukataa kutumiwa matangazo. Akikubali, muulize tena: "Tukikukosa kwa simu, tumpigie nani?" Andika jina la huyo mtu na uhusiano wao. Swali hili dogo ndilo litakalowaokoa siku ambayo laini itakuwa imezimwa. Huyo mtoto au jirani naye aambiwe kwamba nambari yake iko kwenu.

Akizoea sauti yenu, matapeli watapata shida

Hii ndiyo sehemu inayotunyima usingizi. Mzee mwenye moyo wa kutoa ndiye anayewindwa kwanza. Anapigiwa na mtu "wa kanisani" anayesema Paybill ina shida leo, tuma kwa nambari hii. Anatumiwa meseji ya uongo ya pesa zilizoingia, kisha sauti ya huruma inamwomba arudishe.

Kikundi kinaweza kumkinga kwa ahadi tatu, zirudiwe kila mnapoongea naye mpaka azijue kama sala. Ya kwanza, hatutakuomba kamwe nambari yako ya siri. Ya pili, hatutakuomba utume mchango kwa nambari ya mtu binafsi, hata ya mchungaji, hata ya mwenyekiti. Ya tatu, kabla ya kukamilisha malipo soma jina linalotokea kwenye skrini, na kama si jina letu, simama hapo.

Ahadi ya pili inawabana nyinyi pia. Tunajua vikundi ambavyo vina Paybill lakini mweka hazina bado anasema, "Nitumie tu kwa yangu, nitaipeleka." Pengine anaipeleka kweli. Lakini mmeshamfundisha mzee kwamba nambari ya mtu binafsi ni sawa, na tapeli atakuja kuvuna mlichopanda.

Kila mchango ukiingia, mtumie mzee meseji ya shukrani kutoka kwa nambari anayoijua, yenye kiasi na kazi iliyofanywa. Mfano: "Shikamoo Mama. Sh500 zako za Machi zimefika. Mwezi huu tumenunua madawati mawili ya darasa la nne. Ukitupita, ingia uyaone. Mweka hazina." Hakuna ombi ndani yake. Tunasisitiza hilo kwa sababu shukrani yenye ombi mkiani inasomeka kama ombi tupu.

Kumbukeni vilevile kwamba si kila mzee ana pensheni. Wako wanaotegemea mpango wa serikali wa Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi, na bado wanatoa Sh100. Mzee wa namna hiyo akipunguza au akisimama, mwambieni wazi kwamba nafasi yake iko palepale.

Kuutaja wasia bila kuleta uchuro

Kwetu kumuuliza mtu mzima mali yake itakwenda wapi ni kama kumchimbia kaburi akiwa anatazama. Kwa hivyo suala hili halifai kuanzishwa kwa simu, na kwa meseji ndiyo kabisa. Liwekwe mahali ambapo linamhusu kila mtu bila kumgusa mmoja: tangazo fupi kwenye mkutano wa mwaka, aya moja kwenye jarida la shule, au siku ambayo mnamwalika wakili aje kuzungumza na wanachama wote kuhusu urithi. Wakili akija, waje na vijana. Mzee anayetaka kuuliza atawatafuta baadaye mwenyewe. Atakuja kwa kuzunguka: "Hivi, mtu akitaka kuwaachia kitu, anafanyaje?"

Mkijibu swali hilo, jueni mambo machache ya sheria, kisha mmwelekeze kwa wakili wake.

Wasia wa maandishi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, unahitaji sahihi au alama ya mwenye wasia, na mashahidi wasiopungua wawili. Wasia wa mdomo nao unatambuliwa ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa raia wa kawaida una nguvu tu ikiwa msemaji atafariki ndani ya miezi mitatu tangu aliposema. Sasa angalia watu wanavyofanya. Mzee anarekodi sauti kwenye simu, au anamwandikia mweka hazina meseji, "Nikienda, lile shamba la mtoni ni la kanisa." Mnaihifadhi miaka sita mkidhani mna kitu. Meseji hiyo haina sahihi wala mashahidi. Mkiipokea, jibuni kwa shukrani, na palepale mmwambie mzee bila kuzunguka kwamba haitoshi, apeleke neno hilo kwa wakili.

Shahidi asiwe mtu wenu. Sheria inasema zawadi kwa shahidi wa wasia, au kwa mke au mume wake, inabatilika isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Mtasema mchungaji hapokei yeye, linapokea kanisa. Sawa, lakini mbele ya familia yenye hasira hoja hiyo haina utamu. Mchungaji akae mbali na kalamu. Mwenyekiti asimtafutie mzee wakili, na kikundi kisilipe ada ya wakili.

Kuna kifungu kingine ambacho kila anayepiga simu kwa wazee anapaswa kukijua. Kifungu cha 7 kinasema wasia, au sehemu yake, uliotokana na udanganyifu, kulazimishwa, au kusumbuliwa kiasi cha kumwondolea mtu uhuru wa kuamua, ni batili. Yaani kumpigia mzee kila wiki kumkumbusha lile shamba kunaweza kuuvunja wasia mliokuwa mkiusubiri. Tukiulizwa simu ngapi zinatosha, sisi tunasema za salamu ziwe nyingi mpendavyo, za wasia asubiriwe yeye ataje.

Na msimwache asahau watu wa nyumbani. Kifungu cha 26 kinaruhusu mke, mume, watoto na wategemezi wengine waliopungukiwa kwenda mahakamani kuomba fungu, na mahakama inaweza kuupunguza mgao wenu. Mzee anayetaka kuwaachia shamba lote ilhali mjane atabaki bila pa kulima anajenga kesi. Mwambieni. Ni afadhali mpate robo eka kwa amani.

Jina lenu je? "Namwachia kanisa letu" limewahi kuwa la makanisa mangapi kwenye mtaa mmoja? Mpeni mzee karatasi yenye jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, nambari ya usajili na anwani, ili wakili anakili neno kwa neno. Kama kikundi hakijasajiliwa, mna kazi ya kufanya kabla ya kuzungumzia wasia wa mtu yeyote. Kwa hisa na akiba za sacco, mzee aangalie pia fomu ya mrithi aliyoijaza huko, maana aliyeandikwa kwenye fomu ndiye sacco itakayemtafuta.

Kwa wafadhili Waislamu mambo ni tofauti. Urithi wao huongozwa na sheria ya Kiislamu na mashauri yake husikizwa katika mahakama ya Kadhi. Wasia kwa asiye mrithi, ukiwemo wa msikiti au madrasa, hauvuki thuluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni. Anayetaka kutoa zaidi anaweza kuweka wakfu akiwa hai, na Mombasa kuna Tume ya Wakfu ambayo kazi yake ni hiyo. Pwani njia hii inajulikana vizuri na haina uchuro wowote. Kuna nyumba na maduka Mji wa Kale ambayo kodi yake imekuwa ikitunza misikiti tangu zamani.

Simu ya marehemu si ya kulipia ahadi

Hapa ndipo familia njema huingia matatani bila kujua. Mzee aliahidi Sh20,000 za paa. Amefariki Jumanne. Mtoto anaijua nambari ya siri ya baba, salio lipo, anatuma zote Alhamisi "ili baba asibaki na deni." Nia ni safi, lakini salio la simu ni sehemu ya mali ya marehemu kama ng'ombe na shamba. Kifungu cha 45 kinakataza mtu asiye na idhini kuigusa, na adhabu ni faini isiyozidi Sh10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ndugu mwingine akitaka kugombana, ameshapewa silaha.

Kama kikundi, mkiona malipo yameingia kutoka kwa mtu mnayejua amefariki, ulizeni familia kwa upole, msiyatumie kwanza. Kama kulikuwa na malipo ya kila mwezi yaliyopangwa kujituma, waombeni watuarifu sisi na waje na cheti cha kifo. Mtoto akitaka kumalizia ahadi ya baba, atume kutoka kwa simu yake, kwa pesa yake, akiandika ileile nambari ya akaunti ya baba. Hilo ni halali na rekodi inabaki safi.

Nendeni mazishini. Pelekeni rambirambi kama majirani wengine. Kama mnajua kuna wasia wenye jina lenu, msiutaje hapo, hata mkipewa kipaza sauti. Aliyeteuliwa kuutekeleza ataupeleka mahakamani, tangazo litatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali likiwapa wenye pingamizi siku 30, na hata idhini ikishatolewa, kwa kawaida mgao huthibitishwa baada ya miezi sita. Kumpigia mjane wiki ya pili kuuliza "mambo yamefikia wapi" kunawaharibia jina kwa kizazi kizima. Andikeni barua moja kwa mtekelezaji wa wasia au kwa wakili, mjitambulishe, mngoje. Zawadi yenyewe ikifika, kwa kawaida itapitia benki. Malipo ya simu yana kikomo cha Sh250,000 kwa muamala mmoja, na ni vizuri pesa ya urithi iache alama ndefu ya karatasi.

Jambo moja lifanyike siku ileile mnapopata habari za msiba: toeni nambari ya marehemu kwenye orodha ya meseji za wingi. Simu hiyo sasa iko mezani kwa mjane, bado ina chaji, na Ijumaa mfumo wenu utaandika, "Habari Mzee, tunakukumbusha mchango wako." Na laini isiyotumika huzimwa hatimaye, nambari ikagawiwa mtu mwingine, kijana wa Eldoret pengine, ambaye hajawahi kusikia shule yenu. Rekodi ya michango msiifute. Jina lake, nambari ya mwanachama na jumla ya alichotoa vibaki kwenye daftari, kwa kuwa wajukuu huja kuuliza.